Mshipa Gani? Ngozi na Kucha za Mtu Ambaye Neva Zake Zimedhurika

Katika Kiswahili cha kila siku, neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Damu hupita katika mshipa. Mtu akiteguka mguu husema amevuta mshipa. Mwanamume mwenye uvimbe wa kinena huambiwa ana mshipa. Na muuguzi anapoeleza kwa nini mkono wa mgonjwa wa kiharusi hauhisi chochote, husema kwamba mishipa ya fahamu imeharibika. Familia hurudi nyumbani na neno moja tu, mishipa, na kwa kuwa mshipa unaojulikana zaidi ni ule wa damu, tiba inayokuja haraka ni ile ya kuiamsha damu ipate kutembea: maji ya moto, chumvi, taulo na mikono yenye nguvu.

Hivyo ndivyo alivyofanyiwa shangazi yangu huko Ahero, karibu na Kisumu. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia na kumpokonya maneno, na jirani mmoja, mwanamke mwenye huruma ambaye nisingependa alaumiwe, alileta beseni la maji yaliyoepuliwa dakika chache kabla, akatumbukiza taulo, akalikamua kwa vidole vilivyozoea sufuria, akaufunga mkono uliopooza kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Shangazi alimtazama tu. Hakuvuta mkono, kwa sababu hakuweza. Hakulia, kwa sababu hapakuwa na kilichomuuma. Na hakusema kitu, kwa sababu maneno yalikuwa yamemtoka. Asubuhi malengelenge matatu yalikuwa yamejaa maji mgongoni mwa kiganja, kubwa kati yake likitoshana na sarafu ya shilingi ishirini.

Nimesikia visa vya namna hiyo Kondele, Njoro na Mumias, na karibu vyote vina mzizi mmoja: watu hawakuambiwa ni mshipa gani.

Bomba, waya na kamba

Ifikirie nyumba yenye bomba la maji, waya wa stima na kamba ya kuvutia pazia. Mshipa wa damu ni bomba. Ukano, ambao ndio mtu huushika akisema amevuta mshipa, ni kamba. Mshipa wa fahamu, ambao kuanzia hapa nitauita neva ili tusipotezane, ni waya. (Wajaluo humwita dada ya baba Waya, na shangazi yangu alipoanza kupata nafuu alicheka mpaka akatokwa na machozi niliposema kwamba Waya wetu amekatika waya.) Stima ikipotea nyumbani hakuna anayemwita fundi wa bomba, wala hakuna anayemimina maji ya moto kwenye mfereji akitarajia taa ziwake. Mkono uliopooza kwa kiharusi kwa kawaida unapata damu. Kilichokatika ni mawasiliano.

Neva zina kazi tatu, na ngozi huzitegemea zote. Kundi la kwanza hupeleka habari kwenye ubongo: joto, baridi, mguso, maumivu. Kundi la pili hurudisha amri kwenye misuli. Ukikaa kwenye benchi la mbao kanisani unadhani umetulia, lakini kila baada ya dakika chache unahamisha uzito kutoka tako moja hadi jingine bila kufikiri, kwa sababu ngozi imelalamika na misuli imeitika. Kundi la tatu hujiendesha bila kuulizwa. Ndilo linalofungulia jasho na kupanua au kubana mishipa midogo ya damu. Kazi yake inaonekana kwa macho. Mtazame mtu aliyeshinda akifua nguo ufuoni Dunga: ncha za vidole vyake zimekunjamana kama ngozi ya embe lililosahauliwa juani. Wengi hudhani ngozi imelowa tu, ilhali ni neva zilizoibana mishipa ya damu iliyo chini yake, na kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hata kikikaa majini. Madaktari wamelijua jambo hilo tangu miaka ya 1930, na wengine wamelitumia kama kipimo cha neva za mkono.

Waya wenyewe unaweza kukatika mahali patatu. Kiharusi huharibu makao makuu, yaani ubongo. Ajali ya bodaboda iliyovunja uti, au mgongo wazi ambao mtoto huzaliwa nao, huharibu njia kuu inayopita mgongoni. Kisukari, ukoma, pombe ya miaka mingi na upungufu wa vitamini B12 huharibu nyaya ndogo za pembeni. Katika kisukari zile ndefu kuliko zote hutangulia kuharibika, ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu na kupanda kama soksi. Hapa Nyanza liko pia kundi lisilotajwa sana, nalo ni la watu walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi wakati stavudini ilipokuwa ikitumika kwa wingi, kabla ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Stavudini iliokoa maisha ya watu wengi, na baadhi yao ikawaachia miguu yenye ganzi na inayochoma usiku.

Popote waya ulipokatikia, matokeo kwenye ngozi hufanana: mlinzi amelala. Ngozi haitoi taarifa, misuli haihamishi uzito, jasho halitoki panapostahili au linatoka kupita kiasi. Ngozi yenyewe mwanzoni ni nzima kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Panya asiyehitaji kupuliza

Waswahili husema panya huuma huku akipuliza, ili anayeumwa asihisi. Kwa mtu mwenye ganzi ya miguu, panya hana haja ya kupoteza pumzi yake. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala, bila kuhisi. Msomaji anaweza kuona hilo kama kichekesho cha kutisha, lakini ndilo somo zima la ganzi kwa ufupi: jeraha lisilouma halina wa kuamka kulitazama.

Kwa hiyo maneno tunayoyasikia kila siku, kwamba "hakiumi, si kitu kikubwa", yanapaswa kugeuzwa kwa mtu wa namna hii. Kidonda cha unyayo kinachouma kina nafuu moja, nayo ni kwamba mwenyewe atachechemea na kukipumzisha. Kisichouma hukanyagwa kutwa nzima, kuanzia nyumbani hadi soko la Kibuye na kurudi, kila hatua ikikisukuma ndani zaidi, mpaka siku harufu itakapowaambia wengine.

Ukoma ulitufunza jambo hili mapema, ingawa wengi wetu tulijifunza lisilo sahihi. Bado kuna imani kwamba vidole vya mwenye ukoma hukatika vyenyewe na kudondoka. Bakteria wa ugonjwa huo, waliogunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwe mwaka 1873, hupenda kukaa katika neva za sehemu zenye ubaridi wa mwili, na kuziua. Daktari mpasuaji Mwingereza Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wake vilikuwa vikipotea kwa majeraha ya kawaida ya maisha yasiyohisiwa: sufuria iliyoshikwa bila kitambaa, mpini wa jembe uliochubua kiganja, maambukizi yaliyoachwa hadi mfupa ukaliwa. Aliyewahi kupita Alupe, karibu na Busia, palipojengwa kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki enzi za ukoloni, huenda aliwaona wazee waliopona bakteria miaka mingi iliyopita lakini mikono yao ikaendelea kuumia. Dawa ilikuwa imemfukuza mwizi, mlinzi hakurudi.

Tukirudi kwenye beseni la Ahero, maji yenye joto la nyuzi 60 huiunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na yaliyotoka kuepuliwa hukaribia 100. Maji ya kumwogesha mtu aliyepooza hupimwa kwa kiwiko cha mtu mwingine, au kwa mkono wa mgonjwa usiopooza, kamwe si kwa mkono au mguu wenye ganzi wala kwa vidole vya mpishi. Chupa ya maji ya moto kitandani na jiko la makaa lililosogezwa karibu na miguu wakati wa baridi ya Molo vina hatari hiyo hiyo, na vivyo hivyo ekzosi ya bodaboda, ambayo abiria mwenye mguu usiohisi anaweza kuiegemea safari nzima. Akiungua, mahali hapo pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai na majivu vibaki jikoni.

Wekundu usioonekana

Vijitabu vinavyogawiwa kuhusu vidonda vya kitandani husema: tafuta wekundu, bonyeza kwa kidole, uone kama unageuka mweupe. Ushauri huo uliandikwa na watu waliokuwa wakiitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo mara nyingi hauonekani, na anayeusubiri atakuja kuona kidonda kilichokwisha kupasuka. Tutafute mengine: sehemu iliyokoza kuliko jirani zake, au yenye rangi ya zambarau au ya kijivu, ngozi iliyovutika na kung'aa, mahali penye joto zaidi au baridi zaidi ukipagusa kwa mgongo wa kiganja, ugumu usiokuwapo jana, au ulaini kama wa parachichi lililoiva kupita kiasi. Linganisha upande mmoja na mwingine, nyonga kwa nyonga, kisigino kwa kisigino. Tochi ya simu ikimulika kutoka ubavuni huonyesha zaidi kuliko taa ya darini.

Mahali pa kutazama ni pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi: chini ya kiuno juu ya makalio, nyonga, mifupa ya kukalia, visigino, vifundo, viwiko, kisogo na hata masikio. Uzito wa mwili huibana nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama iliyo karibu na mfupa inaweza kufa kabla ya ngozi ya juu. Ndiyo maana alama ndogo juu yaweza kuwa mlango wa shimo kubwa ndani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi waliovunjika uti walitarajiwa kufa kwa vidonda hivi na kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao Stoke Mandeville, Uingereza, akaagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kuja usiku kuhakikisha. Silaha yake kuu haikuwa dawa; ilikuwa ratiba. Saa mbili bado ni mahali pazuri pa kuanzia nyumbani, kisha muuguzi anaweza kurefusha au kufupisha muda kulingana na godoro na hali ya ngozi. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu anapaswa kujiinua au kuegemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa sababu uzito wote umekusanyika mahali padogo.

Hapa huruma tena hutuponza. Watu huweka tyubu ya gurudumu chini ya makalio wakiamini kwamba tundu lake litakipumzisha kidonda, kumbe duara lile hubana damu pande zote na kukiacha kidonda katikati bila chakula. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisaidii pia. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, kwa urefu, mpaka visigino vining'inie na karatasi ipite chini yake bila kukwama. Usikande mahali palipobadilika rangi juu ya mfupa, maana nyama iliyo chini inakufa na kukanda huichana. Usimburute mgonjwa juu ya shuka. Watu wawili wakishika leso (kanga) iliyotandikwa chini yake watamwinua bila kumchuna.

Unyevu ni adui wa pili. Mkojo na choo vikikaa kwenye nepi huilainisha ngozi kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai, na ngozi laini huchunika upesi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa badala ya kusugua, kisha paka tabaka jembamba la mafuta mazito au krimu yenye zinki. Spiriti na dawa za kusafishia sakafu, ambazo nimewahi kukuta zikitumiwa kwa nia njema kabisa, hukausha na kuchoma. Poda nyingi hufanya madonge kwenye mikunjo, na madonge hukwaruza.

Mkono uliofumba

Baada ya wiki au miezi kadhaa tangu kiharusi kitokee, misuli ya mkono uliopooza mara nyingi hukaza, na vidole hujikunja kuelekea kiganjani. Ngumi hiyo haifunguki yenyewe. Ndani yake mna joto, jasho na giza, mazingira ambayo kuvu huyapenda, na kucha zinazoendelea kukua huelekea mahali pamoja tu, kwenye nyama ya kiganja. Mkono wa Waya, yaani shangazi yangu, ulipofunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, harufu ilitangulia. Kisha tukaona alama nne zilizojipinda kama mwezi mchanga, mbili zikiwa zimechimba hadi kwenye nyama nyekundu. Sisi tuliokuwa tukimwogesha kila siku hatukuwahi kuingia humo.

Kosa la kawaida ni kuvuta ncha za vidole. Msuli uliokaza ukivutwa ghafla hujibu kwa kukaza zaidi, na mfupa dhaifu unaweza kuvunjika. Mtaalamu wa tiba ya utendaji alituonyesha njia nyingine, ambayo hutegemea ile kamba ya pazia tuliyoitaja. Makano yanayokunja vidole hupita juu ya kifundo cha mkono; ukikikunja kifundo kwanza, taratibu, kuelekea upande wa ndani, makano hulegea na vidole hufunguka kidogo vyenyewe. Anza kwa kulitoa dole gumba nje, ukilishika chini kwenye mzizi wake, kisha upitishe kidole chako kutoka upande wa kidole kidogo, ukiufungua mkono kama anayefungua ua lililofumba. Subiri. Ukihisi unakaza, simama, pumua naye, kisha endelea. Mkono uliolowekwa dakika tano katika maji ya vuguvugu yaliyopimwa hulegea zaidi.

Ukishafunguka, osha kati ya vidole, kausha sawasawa, kata kucha, kisha weka kiganjani kipande cha leso laini kilichoviringishwa, kinachobadilishwa kila siku, ili kucha zisikutane na nyama. Mkono huu pia huelekea kuvimba kwa kuwa hautembei, hivyo uwekwe juu ya mto, usiachwe ukining'inia kando ya kiti, na pete zivuliwe mapema kabla hazijagoma kutoka.

Kuhusu kifaa cha kukatia, nina msimamo mkali: wembe hapana. Najua kwamba katika nyumba nyingi za kwetu kucha zimekatwa kwa wembe tangu zama za babu, lakini mkono unaotetemeka, au unaoruka kwa mkazo wa ghafla, haupaswi kukaribiwa na wembe, sembuse ikiwa mgonjwa anameza aspirini au wafarini inayofanya damu isikome haraka. Kikata kucha cha mgonjwa mwenyewe, kisichozunguka mtaa mzima na wala si kile cha kijana anayepita na beseni na chupa za rangi, pamoja na tupa ndogo ya kucha, vinatosha. Mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, hukatwa kucha saa ambayo dawa yake inafanya kazi vizuri na mtetemo umepungua.

Na kwa kuwa tunazungumzia ncha za vidole: ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, unaosema kwamba mtu akipatwa na kiharusi achomwe sindano kwenye vidole vyote kumi mpaka damu itoke, hauna ukweli. Kiharusi kiko kichwani, na tone la damu kidoleni halikifikii. Sindano hiyo hupoteza muda, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa wanaostahili kuipata, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Miguu, kucha nene na funza

Kucha za vidole vya mikono hukua takriban milimita tatu kwa mwezi. Za miguuni huenda polepole zaidi, na mguu uliopooza huchelewa hata kuliko huo. Kucha za wazee na za wenye kisukari huwa nene, za manjano, zenye kumeguka, mara nyingi kwa sababu ya kuvu. Kuzipaka rangi huficha tatizo. Kata kwa mstari ulionyooka baada ya kuoga, usiukate ukucha mpaka kwenye nyama, usichimbe kona, kisha punguza makali kwa tupa. Ukucha ambao kikata kucha hakiutoshi ni kazi ya kliniki.

Kujua kama miguu inahisi si lazima kusubiri mashine. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa wepesi, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo, mguu wa kulia na wa kushoto. Ni miguso sita. Asipohisi miwili au zaidi, miguu hiyo ihesabiwe kuwa haina mlinzi, itazamwe kila jioni, na mhudumu wa afya aambiwe. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na uzuri wake ni kwamba hata mjukuu anaweza kukifanya.

Miguu iliyokauka kwa kukosa jasho hupasuka magaga, na kila ufa ni mlango. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Huzuia yaliyomo yasitoroke. Basi yapakwe mara tu baada ya kukausha miguu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, lakini yasiwekwe kati ya vidole, ambapo unyevu huzaa kuvu. Mafuta ya kukamulia ng'ombe yanayopatikana katika kila duka Nakuru hufanya kazi hiyo vizuri, na sioni sababu ya kuona haya kuyatumia.

Viatu navyo vina siri zao. Akala hudumu, ila misumari yake hutokeza kadiri raba inavyolika, na mwenye ganzi atatembea nayo ikimdunga hadi jioni. Kabla ya kuvaa kiatu chochote, kikung'ute, kisha ingiza mkono ndani upapase: kokoto, msumari, ushonaji uliochomoza.

Kisha kuna funza, ambao makala za miguu zilizoandikwa ng'ambo hazimtaji kabisa. Katika vijiji vya Vihiga, Kakamega na Busia vyenye sakafu za udongo mkavu, funza jike hujichimbia kando ya ukucha au kwenye kisigino na kuvimba kwa mayai hadi akatoshana na punje ya njegere. Mwenye hisia huwashwa na kumtoa mapema. Mwenye ganzi huweza kuwa na makumi yao kabla ya mtu kumtazama. Kumchokoa kwa pini au mwiba unaotumiwa na watu watano ni kumwalika pepopunda na homa ya ini. Mafuta ya dimetikoni, yanayomziba funza pumzi bila kuchokoa, ni salama zaidi, na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba waulizwe mahali yanapopatikana. Sakafu ikinyunyiziwa maji na kufagiwa, vumbi analozalia hupungua.

Ukucha unaoweza kupandisha presha

Jambo moja wauguzi wengi hulisahau kuwaeleza wagonjwa waliovunjika uti juu ya usawa wa kifua cha kati. Mtu huyo haumwi na ukucha uliozama kwenye nyama ya dole gumba, lakini neva zilizo chini ya jeraha bado zinapiga kelele, kelele ambazo haziwezi kufika kwenye ubongo zikatulizwa. Mwili hujibu kwa kubana mishipa ya damu, na presha hupanda ghafla kiasi cha kuweza kusababisha kiharusi. Ishara zake ni maumivu makali ya kichwa yanayogonga, jasho na joto usoni na shingoni, na vinyweleo kusimama. Mkalishe wima mara moja, legeza mkanda na nguo, tazama kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa, kisha kagua ngozi na kucha zote, huku gari la kwenda hospitali likiitwa. Mara nyingi chanzo ni kibofu. Mara nyingine ni kidonda au ukucha.

Si kila ngozi ya wagonjwa hawa imekosa hisia. Mwenye Parkinson huweza kuwa na uso wenye mafuta na magamba kwenye nyusi na kando ya pua, ambayo watu hudhani ni uchafu; shampuu yenye ketokonazoli humsaidia kuliko kusugua kwa sabuni kali. Naye aliyeanzishiwa dawa za kifafa kama karbamazepini au lamotrijini, akiona upele mwili mzima pamoja na homa au vidonda mdomoni katika wiki za mwanzo, arudi hospitali siku hiyo hiyo badala ya kupaka losheni.

Siku hiyo hiyo ndiyo kanuni pia kwa kidonda chochote kwenye mguu wenye ganzi, kwa mguu uliovimba na kuwa na joto kuliko mwenzake hata kama ngozi haijapasuka, na kwa rangi nyeusi au harufu inayoanza kutoka mahali popote. Usaha na homa visisubiriwe.

Malengelenge ya Waya yalipona kwa majuma matatu, yakaacha madoa meupe. Maneno yamemrudia nusu, miguu yake imerudi kutembea, mkono bado umefumba. Kila asubuhi beseni likiletwa, kabla mtu yeyote hajagusa taulo, yeye hutumbukiza kiwiko chake cha kushoto majini, hukiacha humo kitambo, kisha husema kwa Kijaluo: "Pi ber," maji ni mazuri. Siku ambayo si mazuri, hulisukuma beseni kwa goti.